UZI: Kesi ya madai inafunguliwa mahakama ya wapi? Tuelewane kabla hujalipia ada

Wakili Kihonda (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linazunguka humu jukwaani kwa sura mbalimbali. Mtu yuko Dar, anamdai mtu wa Mwanza. Kiwanja kiko Kibaha, wanaokigombania wote wanakaa Temeke. Majibu mengi wanayopewa ni "nenda mahakama iliyo karibu na wewe". Jibu hilo linawagharimu watu. Hati ya madai inaandikwa vizuri, ada inalipwa, samansi inatoka, halafu wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi la dakika tano, na shauri linaondoka mahakamani hata shahidi mmoja hajasikilizwa.

Nazungumzia Tanzania Bara na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa 1966. Mahali pa kufungulia shauri pamewekwa kuanzia kifungu cha 13 hadi cha 21. Namba ninazotaja ni za Toleo la 2019.

La kwanza, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi: sheria haiulizi mdai anakaa wapi. Soma vifungu vyote hivyo, hutakuta mahali makazi ya mdai peke yake yanaipa mahakama mamlaka. Anayefungua kesi ndiye anayechagua siku, ndiye anayechagua madai na ndiye aliyejiandaa. Mdaiwa anashtukizwa. Kwa hiyo sheria ikamlinda asiburuzwe kutoka Kigoma hadi Tanga kwa sababu tu mdai anaishi Tanga.

Sasa inauliza nini? Inauliza unachodai ni kitu gani.

Ukidai ardhi au haki yoyote juu ya mali isiyohamishika, kifungu cha 14 kinakupeleka pale mali ilipo. Ukidai fidia kwa madhara ya mwili au ya mali inayohamishika, kifungu cha 17 kinakupa uchaguzi kati ya mahali madhara yalipotokea na mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia kazi au biashara. Madai mengine yote, na hapa ndipo mikataba na madeni yanapoangukia, yako kifungu cha 18: mahali mdaiwa anapoishi, anapofanyia biashara au kazi ya kujipatia kipato, au mahali chanzo cha madai (yaani mambo yanayokupa haki ya kudai) kilipozaliwa, chote au sehemu yake.

Maneno "au sehemu yake" yana uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua mkataba wa mahindi: umesainiwa Kariakoo, mzigo ulitakiwa kushushwa Iringa, malipo yafanyike Mbeya. Mzigo haukufika. Kila mmoja wa miji hiyo mitatu una kipande cha chanzo cha madai, na bado mahali anapoishi mdaiwa pamebaki palepale. Mdai ana milango minne. Lakini aliyenunua mahindi hayo akiwa na nyumba Moshi hana mlango hata mmoja Moshi, kwa sababu Moshi hakukutokea kitu.

Kabla ya kuuliza wilaya gani, uliza ngazi gani. Kifungu cha 13 kinataka shauri lianzie mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza, na kwa ajili ya kifungu hicho Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zinahesabiwa ngazi moja. Tangu marekebisho ya 2016, mahakama hizo mbili zinaishia shilingi milioni 200 kwa madai yasiyo ya mali isiyohamishika, na kwa mashauri ya kibiashara milioni 70. Kinachopima ni madai halisi yanayohesabika. Ile fidia ya jumla ambayo hakimu anaikadiria mwenyewe haipandishi kesi ngazi. Mahakama ya Rufani ililiweka sawa hilo katika shauri la kiwanda cha nguo cha Urafiki na Masista wa Usambara, lililo kwenye ripoti za 2006.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

Chogo wa Kigamboni

Asante sana wakili msomi. Langu ni hili. Nilimkopesha rafiki yangu milioni 8, tukakubaliana kwa simu, pesa nikaituma kwa mtandao nikiwa Kigamboni. Yeye yuko Mwanza, Ilemela. Sasa hapokei simu. Nikifungua Kigamboni nitakuwa nimekosea?

---

Wakili Kihonda

Mkuu Chogo, milioni 8 iko ndani ya uwezo wa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ya Mwanzo haiongozwi na Sura ya 33, ina kanuni zake chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, lakini kwenye suala la eneo misingi inafanana: mdaiwa yuko wapi, na jambo limetokea wapi.

Ilemela hakuna wa kukupinga. Kigamboni unaweza kusimama, ila inabidi ujenge hoja. Kutuma pesa kwa simu ukiwa Kigamboni kunasaidia. Kinachosaidia zaidi ni makubaliano kwamba marejesho yafanyike wapi. Kama kuna ujumbe wowote alioandika kwamba atakuletea Kigamboni, au ataingiza kwenye akaunti yako ya tawi fulani la huko, uutunze kama roho yako. Mkataba wa deni lisilolipwa unavunjika pale deni lilipotakiwa kulipwa.

Kuhusu mkataba wa simu, kanuni ya zamani ya sheria ya kawaida inasema mazungumzo ya papo kwa papo hukamilika pale jibu la kukubali linaposikika. Kama yeye ndiye aliyeomba na wewe ndiye uliyekubali, jibu lilisikika Mwanza. Unaona namna hoja hiyo inavyoweza kukugeukia? Ndiyo maana mimi napendelea kusimama juu ya mahali pa malipo.

Halafu fikiria mbele kidogo. Ukishinda utakazia hukumu wapi, yaani utaitekeleza wapi ili ulipwe? Kama pikipiki yake, duka lake na ng'ombe wake wako Mwanza, hata ukishinda Kigamboni itabidi hukumu ipelekwe kukaziwa kule. Inawezekana, sheria inaruhusu mahakama iliyotoa hukumu kuipeleka mahakama yenye eneo la mali, lakini ni safari nyingine. Wakati mwingine nauli ya Mwanza ya mwanzo ni nafuu kuliko miezi ya kuhamisha faili mwishoni.

---

Binti Mkalama

Wakili naomba unisaidie, hili linanikosesha usingizi. Kaka yangu alipanda basi Singida kwenda Dar, likapinduka maeneo ya Gairo. Kavunjika nyonga na mguu, mpaka leo anatembelea magongo. Kampuni ya basi makao makuu yake Mwanza. Kwa maelezo yako ya kifungu cha 17 ni Gairo au Mwanza. Mtu wa magongo anaendaje Mwanza kila kesi ikitajwa? Yeye ndiye aliyeumia, halafu yeye ndiye asafiri?

---

Wakili Kihonda

Pole sana dada, na mpe pole kaka. Swali lako ni la haki kabisa. Sheria hii kwa majeruhi ni ngumu. Iliandikwa ikimfikiria mdaiwa kama mtu mnyonge anayeburuzwa, na hapa mdaiwa ni kampuni yenye mabasi na wakili wa kudumu. Mimi naamini kifungu cha 17 kingepaswa kuongezewa mahali majeruhi anapoishi au anapotibiwa. Mpaka Bunge lifanye hivyo, tufanye kazi na kilichopo.

Na kilichopo kina mlango. Je, tiketi mnayo?

Ukidai kwa uzembe wa dereva, kweli uko kifungu cha 17, na Singida haimo. Lakini kaka yako hakuwa mpita njia. Alikuwa abiria. Alilipa nauli, na kampuni ikaahidi kumfikisha salama. Huo ni mkataba wa usafirishaji. Ukidai kwa kuvunjwa kwa mkataba uko kifungu cha 18, na mkataba kama umefungwa Singida, sehemu ya chanzo cha madai imezaliwa Singida. Tena maelezo ya kifungu hicho yanasema kampuni inahesabiwa kufanya biashara makao yake makuu, na pia penye ofisi yake ndogo kwa madai yaliyotokea hapo.

Kwa hiyo angalia tiketi yenyewe kwa makini. Imeandikwa imekatwa wapi? Jina juu ni la kampuni au la wakala? Ina namba ya kiti, tarehe, kituo cha kupandia? Kama alikata kwa simu, kuna ujumbe wa malipo na ujumbe wa kuthibitisha kiti. Kile chumba pale stendi ni ofisi ya kampuni au meza ya wakala anayeuzia kampuni kumi? Upande wa pili watalipigania hilo.

Hati ya madai lazima isimame kwenye mkataba kuanzia aya ya kwanza, na ieleze waziwazi kwa nini mahakama ya Singida ina mamlaka. Amri ya VII ya Sura ya 33 inadai ukweli unaoonyesha mamlaka uandikwe ndani ya hati. Ukiandika uzembe mwanzo mwisho halafu ukataja tiketi kwa mstari mmoja, hakimu ataona madai yako ni ya madhara na atakurudisha Gairo.

Kuna faida nyingine: madai ya madhara yana ukomo (muda wa mwisho wa kufungua kesi) wa miaka 3, ya mkataba miaka 6. Ajali ilitokea lini?

---

Binti Mkalama

Mwaka jana mwezi wa tano. Tiketi ipo, imekatwa ofisini kwao stendi ya Singida, ina muhuri wa kampuni. Mungu akubariki sana.

---

Wakili Kihonda

Basi muda unao. Ipige picha tiketi leo hii kabla karatasi haijafutika maandishi, maana zile za mashine zinafifia. Kanuni za 2021 zinaruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya video, kwa hiyo hata mkiishia mahakama ya mbali, iombeni mahakama iruhusu daktari na kaka yako watoe ushahidi wakiwa Singida. Ombi hilo linakubalika zaidi likiwa na cheti cha daktari kinachoeleza hali yake ya kusafiri.

---

Mzee wa Masjala

Vijana hamjambo. Nimekaa masjala za mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niongeze kwa upande wa anayeshtakiwa, kwa sababu uzi mzima umekaa upande wa mdai.

Wadaiwa wengi wanajua kabisa wameshtakiwa mahali pasipo pao. Wananyamaza. Wanajibu madai, wanasikiliza mashahidi, wanajitetea, wanashindwa, halafu kwenye rufaa ndipo wanakumbuka kwamba mahakama haikuwa na eneo. Hapo wanakutana na kifungu cha 19. Pingamizi la mahali pa kufungulia kesi halipokelewi kwenye rufaa isipokuwa kama lilitolewa mahakama ya kwanza, mapema iwezekanavyo, kabla au wakati wa kupanga hoja zinazobishaniwa, na iwe haki imepotea kwa sababu hiyo. Masharti yote hayo yatimie kwa pamoja.

Watu wanachanganya hili na mamlaka ya aina nyingine. Kama mahakama haina uwezo na AINA ya shauri, mfano Mahakama ya Wilaya imesikiliza mgogoro wa kiwanja, hilo unaweza kulisema hata Mahakama ya Rufani na hukumu ikafutwa yote. Eneo ni kitu cha kuwahi. Ukilala, umekubali.

---

Wakili Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Umesema la maana kuliko yote, na ningelianza nalo kama ningekuwa naandika upya.

Niongeze moja kwa wanaokimbilia pingamizi la awali. Tangu ule uamuzi wa 1969 wa Mukisa Biscuit wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, pingamizi la awali linatakiwa kuwa hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi. Sasa mdaiwa akisema "mimi siishi Morogoro, naishi Dodoma", na mdai akasema "unaishi Morogoro, nakuona kila siku Msamvu", hapo mnabishania ukweli. Hakimu anaweza kukataa kuliamua kwa pingamizi na kulifanya moja ya hoja za kusikilizwa kwa ushahidi. Pingamizi linafanya kazi vizuri pale hati ya madai yenyewe inapojihukumu: kiwanja kinatajwa kipo Kilosa na kesi imefunguliwa Dodoma.

---

Neema wa Mbagala

Na mirathi je? Baba yetu kaishi Mbagala tangu sisi watoto. Alifia Muhimbili, tukamzika kwao Rombo kama desturi. Baada ya arobaini tukasikia baba mdogo amefungua mirathi Mahakama ya Mwanzo huko Rombo na ameshateuliwa msimamizi. Sisi na mama tupo Mbagala hatukuitwa. Nyumba na vyumba vya kupangisha vyote viko huku. Wanasema kafuata mila, marehemu amezikwa kule.

---

Wakili Kihonda

Poleni sana kwa msiba, dada Neema.

Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, na Jedwali la Tano la Sura ya 11 linasema kigezo cha eneo: marehemu wakati anafariki alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya mipaka ya mahakama hiyo. Si alipofia, la sivyo nusu ya mirathi ya nchi ingefunguliwa karibu na Muhimbili. Wala si alipozikwa. Mila ya kumrudisha mtu akalale kwa wazee wake ni yetu sote na tunaiheshimu, lakini kaburi halihamishi makazi.

Kwa hiyo swali la mahakama litakuwa: baba alikuwa anaishi wapi? Kusanya vinavyoonyesha Mbagala. Barua ya serikali ya mtaa, kadi ya mpiga kura, hati za nyumba, risiti za umeme zenye jina lake, barua za kazini. Baba mdogo akisema marehemu alikuwa na boma Rombo, hiyo ni hoja ya kweli na itasikilizwa. Boma la kwenda Krismasi ni tofauti na makazi ya kudumu, ila mtahitaji kuthibitisha.

Mnaweza kuingia kwenye shauri hilo hilo Rombo na kuomba uteuzi utenguliwe, au kuomba Mahakama ya Wilaya ya kule iite faili na kufanya mapitio chini ya kifungu cha 22 cha Sura ya 11. Mapitio yana ukomo wa miezi 12 tangu shauri liishe Mahakama ya Mwanzo. Msiende kufungua mirathi ya pili Temeke wakati ya Rombo iko hai. Mtapata wasimamizi wawili wa mali moja, na hapo wapangaji ndio watakaofurahi kwa kutolipa kodi.

Ya Rombo ikishafutwa, kwa Dar kuna kile Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, kilichozinduliwa 2021, kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Hapo mtakuwa nyumbani. Na kama marehemu aliishi maisha ya Kikristo, mliangalie na wakili pia suala la sheria inayotumika, kwa sababu Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka na mirathi isiyo ya kimila wala ya Kiislamu, hata ingekuwa mlangoni kwenu.

---

Kijana wa Kibaha

Mimi kiwanja. Kiko Kibaha, mimi na mvamizi wote tunakaa Ubungo. Hakimu wa Ubungo si anaweza kumwamuru tu atoke?

---

Wakili Kihonda

Hapana. Kwanza, kwa mgogoro wa ardhi huendi kwa hakimu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, imeziondoa mahakama za mahakimu kwenye mambo hayo. Unaanza Baraza la Kata la kata yenye kiwanja, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, ndani ya siku 30. Mkishindwana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lenye eneo la Kibaha, kama thamani haizidi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Na ni vizuri iwe hivyo. Mwenyekiti wa baraza anaweza kwenda kukanyaga kiwanja chenyewe, akaona mwembe wa mpaka na bikoni zilizong'olewa. Majirani wanaojua nani alilima wapo pale pale. Kuna mwanya mmoja kwenye kifungu cha 14: kama mali iko mikononi mwa mdaiwa na nafuu unayoomba itapatikana yote kwa yeye mwenyewe kutii amri, unaweza kumfuata anapoishi. Kumtoa mvamizi na kubomoa ukuta wake si nafuu ya namna hiyo, maana akikaidi itabidi dalali wa mahakama aende Kibaha.

Kiwanja kikikatiza mipaka ya wilaya mbili, kifungu cha 15 kinakuruhusu kufungua upande wowote. Mipaka yenyewe ikiwa haijulikani, kifungu cha 16 kinairuhusu mahakama iandike hivyo kwenye kumbukumbu na iendelee.

---

Pwani Yetu

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya mambo ni karibu sawasawa, namba tu zinatofautiana. Civil Procedure Act, Sura ya 21: ardhi kifungu cha 12, madhara 14, mengineyo 15. Sote tuliupata mpangilio huu kutoka kwa sheria ya mwenendo wa madai ya India ya 1908. Viwango vya mahakimu kwa sheria ya 2015 vinaanzia milioni 5 kwa Hakimu Mkazi hadi milioni 20 kwa Hakimu Mkuu, na mahakama za madai madogo husikiliza hadi milioni 1, shilingi za Kenya.

Jambo ambalo huwachoma watu wengi huku: ukifungua mahali pasipo na mamlaka kabisa, usitegemee kuomba shauri lihamishwe. Mahakama zetu hufuata uamuzi wa Uganda wa 1968 kwamba kisicho na mamlaka tangu mwanzo hakihamishiki, kwa kuwa hakuna kitu cha kuhamisha. Na kesi ya meli Lillian S, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani 1989, kila wakili wa hapa aijua: mamlaka ni kila kitu, pasipo nayo mahakama haipigi hatua nyingine.

Je, kwenu ukikosea eneo unapoteza kila kitu?

---

Mzee wa Masjala

Hapana bwana, si lazima. Amri ya VII kanuni ya 10 inasema hati ya madai irudishwe ili ipelekwe mahakama inayostahili. Hakimu anaandika juu ya hati hiyo tarehe ilipoletwa, tarehe inaporudishwa, jina la aliyeileta na sababu kwa ufupi. Nimeziona nyingi. Hilo andiko usilipoteze, kwa sababu kama muda wa ukomo umekaribia ndilo litakalokuokoa. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kifungu cha 21, inaruhusu siku ulizokuwa unahangaika kwa nia njema na kwa bidii kwenye mahakama isiyo na mamlaka zisihesabiwe. Lakini mahakama itauliza hiyo nia njema na hiyo bidii. Mtu aliyeambiwa kwa pingamizi la maandishi kwamba amekosea, akang'ang'ania mwaka mzima, atapata shida kuithibitisha.

---

Mkunazini

Naomba kuuliza. Mimi nipo Unguja, nilimuuzia mtu vifaa vya ujenzi vikapelekwa Tanga kwa jahazi. Hajamaliza kulipa. Nimfungulie hapa au Tanga?

---

Wakili Kihonda

Ndugu yangu, Zanzibar ina mahakama zake hadi Mahakama Kuu, na sheria yake ya mwenendo wa madai. Tunakutana Mahakama ya Rufani. Kwa upande wa Bara, Tanga imekaa vizuri: mdaiwa yupo hapo na mzigo umeshukia hapo. Kwa ushauri wa kufungua Unguja tafuta wakili wa huko aliyeandikishwa Zanzibar. Mimi kwa mzigo ulioshuka Tanga na mdaiwa mwenye duka Tanga, nisingejisumbua kutafuta kwingine.

---

Mkorosho Newala

Wakili, mimi nimeshashtakiwa. Nilikopa kwenye kampuni ya mikopo hapa Newala kwa ajili ya dawa za mikorosho, milioni 14. Msimu ukawa mbaya. Fomu nilisaini hapa, pesa nilipokea hapa, marejesho napeleka kwenye ofisi yao hapa hapa. Jana nimeletewa samansi ya Kinondoni. Kwenye mkataba, ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo, imeandikwa migogoro yote itaamuliwa na mahakama za Dar es Salaam. Nauli ya kwenda na kurudi na kulala ni pesa ya mbolea. Ndiyo nimekwisha?

---

Wakili Kihonda

Hujakwisha kabisa, ila muda wako umeanza kuhesabika tangu jana. Una siku 21 tangu kupokea samansi kuleta utetezi wa maandishi. Usipojibu, watapata hukumu ya upande mmoja, na ile hoja yako nzuri ya eneo itakuwa imelala pamoja na wewe, kama mzee alivyoeleza.

Kuhusu hayo maandishi madogo: watu wawili hawawezi kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haijaipa. Kama mahakama mbili zote zina mamlaka, mkataba unaweza kuchagua moja na mahakama kwa kawaida zitaheshimu chaguo hilo. Kwako wewe, Kinondoni ina nini? Huishi huko, hulimi huko. Mkataba umefungwa Newala, pesa imetolewa Newala, marejesho ni Newala. Makao makuu ya mdai kuwa Dar hayasaidii, kwa sababu yale maelezo ya kifungu cha 18 kuhusu kampuni yanamhusu mdaiwa aliye kampuni, na hapa mdaiwa ni wewe. Watakachojaribu kusema ni kwamba mkataba uliidhinishwa Dar ndipo ukawa mkataba. Kwa hiyo angalia tarehe na sahihi ya upande wao: nani alisaini, wa ofisi ya Newala au wa makao makuu, na siku hiyo hiyo au baadaye?

Mwanzoni kabisa mwa utetezi wako weka pingamizi la eneo, kwa kutaja aya za hati yao ya madai zinazokiri Newala. Halafu ujibu na madai yenyewe, aya kwa aya, usiache kwa kutegemea pingamizi. Kama hati yao inaonyesha kweli kuna kipande cha jambo kilichotokea Dar, basi usipinge tu mamlaka. Omba pia, chini ya vifungu vya 20 na 21, shauri lihamishiwe Newala, ukieleza mashahidi wako wapi, kumbukumbu za malipo ziko ofisi gani, na safari inakugharimu nini ukilinganisha na wao wenye ofisi huko. Ombi hilo nalo lazima liwe mapema na upande wa pili wapewe taarifa.

Utetezi sasa unawasilishwa kwa mfumo wa mahakama wa mtandao, kwa hiyo siku ya kwanza huhitaji kupanda basi. Mahakama ya Wilaya ya Newala waulize wakuelekeze, na uliza pia mashirika ya msaada wa kisheria Mtwara, yapo. Nitumie kwa ujumbe wa faragha picha ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa mkataba, na picha ya samansi ionyeshe tarehe uliyopokea. Funika majina. Nitakuandikia aya za pingamizi bila malipo, uzipeleke kwa atakayekusaidia kuandaa utetezi.

---

Mkorosho Newala

Nimetuma. Aliyesaini upande wao ni afisa wa hapa Newala, siku ile ile.

---

Wakili Kihonda

Nimeona. Na hati yao ya madai, aya ya nne, wenyewe wameandika kwamba mkopo ulitolewa "katika ofisi ya mdai iliyopo Newala". Hiyo ndiyo aya tutakayoanza nayo.